Diski Iliyokataa Kupanuliwa

Asubuhi ile redio yetu ilipokataa kurekodi, Shangazi Chin-lan alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya tambi.

"Yun-ting, mashine imeshiba," alisema. "Inadai haina nafasi hata ya kikohozi."

"Nilikuambia tangu mwezi wa tisa, Shangazi."

"Mwezi wa tisa ilikuwa bado inakula. Njoo, usinipige mahubiri."

Si shangazi yangu wa damu. Hapa Meinong, mji wetu mdogo wa kusini, kila mwanamke anayemzidi mama yako kwa sauti ni shangazi, na Chung Chin-lan aliwazidi mama za watu wote. Alikuwa na miaka sitini na sita, nywele zimekatwa fupi kama za mwanajeshi, na ndiye aliyeiendesha redio ya Kihakka, lugha yetu ya nyumbani, tangu ianzishwe. Mimi nilirudi nyumbani baada ya kufanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vya vipuri vya kompyuta huko kaskazini, nikawa fundi wa kila mtu: wa zahanati, wa chama cha wakulima, na wa redio.

Redio yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la mbolea. Kabatini imefungiwa kompyuta moja kubwa, na ndani yake zinaishi nyingine tatu zisizo na mwili wa chuma. Sisi mafundi tunaziita mashine pepe. Kila moja inajiona iko peke yake duniani. Ya kwanza inarusha matangazo, ya pili ni ya kazi za ofisi, na ya tatu, iliyoshiba, inatunza sauti zote: vipindi, mahojiano, simu za wasikilizaji, hata wazee wanaopiga kuuliza kama mvua itanyesha. Diski ya mashine pepe si kitu cha kushika mkononi. Ni kipande ilichokatiwa kwenye diski za kompyuta kubwa, kama mtoto anavyokatiwa kipande cha shamba la ukoo. Wiki moja kabla nilikuwa nimeshafunga diski mbili mpya kabatini. Kwa hiyo shamba lilikuwepo, kilichobaki ni kusogeza mpaka. Unafungua ukurasa wa mipangilio, unafuta tarakimu ya zamani, unaandika kubwa zaidi. Nilimwambia Chin-lan tambi zangu hazitapoa.

Zilipoa. Kisanduku cha kuandikia ukubwa kilikuwa cha kijivu. Nilibofya, nikabofya tena, kikanyamaza kama mkwe aliyenuna.

"Kuna nini?" Chin-lan aliuliza nyuma ya bega langu.

Nilitafuta mpaka nikakiona. Fundi aliyenitangulia, kabla ya kufanya marekebisho fulani, alikuwa ameipiga mashine picha ya hali, akasahau kuiondoa. Nilimweleza Chin-lan kwamba picha hiyo haipigwi kwa kamera. Siku unapoipiga, diski yote inagandishwa jinsi ilivyo, haiguswi tena. Kila kinachoandikwa au kufutwa baada ya hapo kinawekwa pembeni, juu yake, kama karatasi laini uliyoitandaza juu ya mchoro. Wewe unaona karatasi ya juu tu. Mchoro uko chini, mzima. Na madhali picha ipo, diski haikubali kupanuliwa.

"Ya lini hiyo picha?"

"Miaka minne iliyopita. Mwezi wa tatu."

Nilipogeuka nilimkuta amekaa kwenye kiti cha wageni, ambacho hakukalia hata siku moja nikiwepo.

"Mwezi wa tatu," alirudia. "Kuang-jung aliondoka mwezi wa sita."

Hsiao Kuang-jung nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa sura. Nilikuwa shule ya msingi yeye na Chin-lan walipoanzisha redio ile. Kipindi chake kilikuwa cha jioni, wakati watu wanaovuna mboga za maji bado wamesimama kwenye mabwawa, maji kifuani, redio ndogo imefungwa kwenye boya. Alikuwa akizunguka vijijini na kinasa sauti, akikaa na vikongwe, akiwauliza mambo ambayo watoto wao hawakuwahi kuwauliza. Halafu siku moja kipindi kikatoweka. Watu walisema wamegombana. Mwaka na nusu baadaye alipata kiharusi, na kilichukua usemi wake wote.

"Walisema ulimfukuza," nilisema.

"Watu hawana kazi." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Nilitaka saa moja kwa wiki ya Kivietnamu na Kimandarini, kwa ajili ya wakwe zetu waliotoka ng'ambo. Wamejaa mabwawani, hawana wa kuzungumza nao. Yeye akasema hapana. Akasema mkwe wake, Hanh, alijifunza Kihakka kwa kusikiliza kipindi chake jikoni, na kwamba nikiwapa lugha nyingine hawatajifunza yetu, na yetu itakufa kwa huruma yangu. Ndivyo alivyosema, kwa huruma yangu. Nikamwambia lugha haiokolewi kwa kuwanyima watu neno. Tukapandishiana. Mwisho akasema: kama ndivyo, toa sauti yangu humo, yote, sitaki hata kikohozi changu kibaki."

"Ukaitoa."

"Jioni ileile. Niliketi hapo ulipo wewe nikafuta kila faili lenye jina lake. Nilijua kesho yake atarudi kuniomba nisifute, nami nilitaka akute nimeshafuta." Alivaa miwani. "Hakurudi kuomba. Maji yakimwagika hayazoleki."

Nilitazama skrini. Nilijua ninachotaka kusema, na nilijua kwamba nikishakisema, hakitakuwa tena jambo la diski.

"Haya yanazoleka, Shangazi. Ulifuta kwenye karatasi ya juu. Chini yake bado yapo."

Mtu angedhani angeruka kwa furaha. Alinitazama kama niliyemletea habari ya msiba.

Siku ile nilihamisha vipindi vya wiki iliyopita kwenye kompyuta yangu ya mkononi ili redio ipate pumzi ya kurekodi. Kisha, kwenye nafasi mpya ya kompyuta kubwa, nikaunda mashine nyingine kutoka kwenye ile picha ya zamani, pacha wake wa miaka minne iliyopita, nikaikatia mtandao ili isimchanganye mwenzake. Ilipowaka ilikuwa inaamini bado ni mwezi wa tatu. Majina yakapanda kwenye skrini mstari kwa mstari: Hsiao Kuang-jung na bibi wa Longdu. Hsiao Kuang-jung na mafundi wa mabanda ya tumbaku. Hsiao Kuang-jung, salamu za jioni, salamu za jioni, salamu za jioni.

Chin-lan alinyoosha kidole kuelekea kitufe cha kusikilizia, akakirudisha.

"Rudisha zote kwenye hifadhi," alisema. "Kesho nazipiga hewani."

"Na yeye?"

"Yeye nini?"

"Aliziondoa mwenyewe. Wewe ulikuwa mkono tu. Leo hawezi hata kukukataza."

Alinikazia macho. Nilidhani atanifokea, na nafikiri hata yeye alidhani hivyo. "Viwanda vya kaskazini vilikufundisha kupekua mashine au kupekua watu?" alisema. Halafu, kwa sauti nyingine: "Tangu augue sijakanyaga kwake. Nilituma matunda. Mara mbili nilituma matunda."

"Basi leo tusitume."

Nilinakili sauti chache kwenye kichezeo kidogo cha sauti, kile wazee wanachotumia kusikilizia sutra, sala za Kibudha, tukapanda pikipiki yangu. Chin-lan alikaa nyuma ameshika kofia yake.

Ulikuwa msimu wa figili nyeupe. Uani kwa kina Hsiao figili zilikuwa zimetandazwa kwenye mikeka, na Hanh alikuwa amechuchumaa katikati akizisugua kwa chumvi, mikono mitupu, wekundu umempanda hadi viwikoni. Mumewe huendesha lori la mizigo, hivyo siku nyingi hubaki wawili tu, yeye na mzee. Alipomwona Chin-lan alisimama.

"Shangazi! Nikadhani ni mtu wa kusoma mita." Kihakka chake kilikuwa cha kizamani kuliko changu, chenye maneno ambayo bibi yangu alikuwa akiyatumia. "Baba! Tazama nani amekumbuka njia."

Mzee Kuang-jung alikuwa kwenye kiti cha mianzi karibu na ukuta, upande wa kulia umelegea, blanketi magotini. Alikuwa amepungua, lakini macho yalikuwa yaleyale. Alimtazama Chin-lan juu hadi chini, akatoa neno moja tu, wazi kabisa. Siwezi kuliandika hapa. Madereva hulitumia mtu akiwakata barabarani.

Hanh aliangua kicheko. "Usikasirike, Shangazi. Hilo ndilo pekee lililobaki. Daktari anasema matusi yanakaa upande mwingine wa ubongo. Hunisalimia kwalo kila asubuhi."

"Sikasiriki," Chin-lan alisema, "nimeitwa hivyo na watu wasiougua." Akavuta kigoda, akakaa mbele yake, goti kwa goti. "Umekonda, Kuang-jung. Hakupikii huyu?"

Mzee alifumba macho. Hanh akatueleza: kufumba macho ni hapana, kubisha mkono wa kiti mara mbili ni ndiyo. "Ananipakazia," alisema. "Amekula bakuli mbili."

Wakazungumza hivyo kidogo, juu ya figili na mvua, Chin-lan akisema na yeye akifumba na kubisha. Hanh alituambia kwamba kila Jumamosi, saa ya Kivietnamu inapoanza redioni, yeye hutaka kuzima kumhurumia mzee, na mzee hubisha kiti mpaka aiwashe tena. "Haelewi hata neno," alisema. "Labda anasubiri wakosee." Mzee alitazama pembeni, kwenye mikeka.

Chin-lan alinitazama. Nilichuchumaa nikaeleza, polepole, bila maneno ya kifundi: kwamba sauti zake alizotaka zifutwe zilifutwa kweli, Shangazi hakumdanganya. Kwamba bila mtu yeyote kukusudia nakala ilibaki chini. Kwamba ili diski ipanuliwe lazima nakala hiyo iondolewe, na ikishaondolewa hakuna fundi atakayeirudisha. Kwa hiyo tumekuja kumuuliza mwenyewe. Nikauliza kama anataka kusikia kwanza. Akabisha mara mbili.

Niliweka mazungumzo na bibi wa Longdu. Sauti ya kikongwe ikaanza kusimulia walivyokuwa wakilala ndani ya banda la tumbaku kulinda moto, jinsi majani yakizidi joto yanavyogeuka rangi ya ini na msimu mzima unavyokwenda bure. Sauti ya Kuang-jung ikamkatiza: "Na ulikuwa unalala na nani huko bandani?" Kikongwe akacheka akamwita mtoto asiye na adabu. Kitini, midomo ya mzee ilikuwa ikitetemeka, na sikujua kama ni kicheko. Nikaweka salamu za jioni. Ilikuwa ile ya kawaida, aliyofungia kipindi miaka yote, ambayo sote wa rika langu tuliisikia tukiitwa kutoka michezoni: "Mlioko majini, tokeni. Jua limewaaga. Wali umeiva."

"Umeiva," alisema mzee.

Figili ilimtoka Hanh mkononi. Mzee mwenyewe alishtuka, akaweka vidole kwenye midomo kana kwamba kuna mdudu ametua. Nilirudisha nyuma. Sauti ikasema, na safari hii aliidaka mapema zaidi, akaifuata kama anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe: "...limewaaga. Wali umeiva." Ilikuwa nzito na imepinda upande mmoja, lakini ilikuwa yake. Mara ya tatu haikuja. Alifungua mdomo, shingo ikamkaza, ikatoka pumzi tupu. Alipiga kiti kwa ngumi.

"Basi, Baba, basi," Hanh alisema, akifuta machozi kwa bega maana mikono ilikuwa na chumvi. "Kiharusi cha miaka miwili unataka ukimalize kabla ya chakula?"

Chin-lan alikuwa analia bila kujificha. Alipopata sauti aliuliza: "Nizirudishe hewani?"

Alifumba macho.

"Zifutwe, basi?"

Alifumba tena, kwa nguvu zaidi.

"Wewe mtu! Hata bila mdomo unabishana. Unataka nini?"

Alinyoosha mkono wa kushoto, akaonyesha kichezeo, kisha Hanh, kisha mlango wa nyumba. Tulimwelewa. Sauti yake ikae nyumbani kwake. Hakutaka mji mzima umsikie alivyokuwa halafu wapite uani kumtazama alivyo. Nilidhani mambo yameishia hapo, na nilianza kuinuka.

"Na hao vikongwe?" Chin-lan alisema. Hakuinuka. "Bibi wa Longdu amekufa. Mafundi wa mabanda wamekufa wote. Wale si mali yako, Kuang-jung. Ulikuwa na haki ya kuondoa sauti yako. Hukuwa na haki ya kuondoka na zao, na mimi sikuwa na haki ya kukutii. Nilikutii kwa sababu nilitaka kukukomoa. Nimekuja kukuambia hilo pia."

Upepo uliinua pembe ya mkeka, Hanh akaikanyaga. Mwishowe mkono wa kushoto wa mzee ukateremka kwenye mwanzi, mara moja, na baada ya kitambo mara ya pili.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya subira tu. Nilitoa sauti za vikongwe nikaziweka kando, nikazipeleka zile nyingine kwenye kichezeo cha nyumbani kwa kina Hsiao. Mashine pacha nikaiondoa. Nikahifadhi nakala ya kila kitu kwenye diski ya nje, kisha nikafungua ukurasa wa picha ya hali, ambapo maneno mawili yamekaa jirani: Rudisha, na Futa. Ukibonyeza Rudisha, miaka minne ya redio inapotea na unaamka mwezi wa tatu. Ukibonyeza Futa, kinachofutwa ni picha, si sauti. Karatasi ya juu inabandikwa kwenye mchoro wa chini na kuwa kitu kimoja.

"Unafuta ili uhifadhi," Chin-lan alisema.

"Ndiyo."

"Na huwezi kurudi tena."

"Ndiyo."

Alitazama maneno yale kwa muda. "Bonyeza wewe. Mimi kidole changu kina historia."

Kwa kuwa picha ilikuwa imezeeka, kuunganisha kulichukua siku nzima. Mashine ilijikokota, mtangazaji wa kilimo akalalamika kwamba anaongea leo inarekodi kesho. Jioni kisanduku cha kijivu kikawa cheupe. Niliandika tarakimu mpya, ikakubali, Chin-lan akapiga makofi. Kisha nikaingia ndani ya mashine yenyewe: nafasi ileile ya zamani, imejaa pomoni.

"Umenidanganya," alisema.

Haikuwa hivyo. Diski imekua lakini mashine bado haijaambiwa. Na kati ya chumba cha sauti na uwanja mpya kulikuwa na kijichumba cha dharura ambacho mfumo hujiwekea, kimekaa katikati kama jirani aliyejenga kwenye njia. Ilibidi nikihamishie mwisho wa uwanja, ndipo nikausukuma ukuta, na baada ya ukuta nikauambia mfumo wa mafaili ujitandaze hadi mpakani. Mstari mwekundu wa nafasi ukarudi nyuma ukawa wa buluu. Vikongwe wakaingia kwanza, kabla ya vipindi vyangu vya wiki iliyopita. Chin-lan ndiye aliyetaka hivyo.

Bibi wa Longdu alipigwa hewani Jumatatu iliyofuata. Lile swali la nani alilala na nani bandani tulilikata, maana lilikuwa kwa sauti ya Kuang-jung, hivyo kikongwe anasikika akicheka na kumwita mtoto asiye na adabu mtu asiyesikika. Wasikilizaji walipiga simu kuuliza ni nani. Chin-lan aliwajibu kwamba ni rafiki, na kwamba hayupo safarini wala hajafa, yupo kwake anakausha figili.

Siku hizi Chin-lan huenda huko kila Alhamisi. Hawapatani zaidi ya zamani. Mzee amerudisha maneno kumi na kitu, yote ya kwenye salamu zake, na huyatumia kwa kila shida: akitaka maji husema jua limewaaga, akitaka kulala husema tokeni. Daktari anasema huenda yakaongezeka, huenda yasiongezeke.

Juzi Hanh alinipigia simu nikiwa zahanati.

"Yun-ting, kile kichezeo chako kinazimwaje? Tangu alfajiri anaita watu watoke majini."

"Kuna kitufe ubavuni. Kishikilie mpaka taa izime."

Upande wa pili nilisikia sauti mbili zikisema pamoja, moja safi, nyingine imepinda. Hanh aliziacha ziishe.

"Basi," alisema. "Nitakitafuta baadaye."